Ngazi za Da Marcelline

Tumu alimimina ndoo ya maji taratibu, akianzia juu. Maji yalishuka kipandio hadi kipandio, yakikokota theluji iliyokwisha kuchafuka, yakatiririka mpaka uani. Akaweka ndoo chini, akapuliza vidole, akashika ufagio.

Theluji Johannesburg hupita miaka bila kuonekana. Ilipoanguka asubuhi hiyo, wapangaji wote wa nyumba ile ya Berea walitoka nje, wakaipiga picha, wakarushiana. Kufika mchana walikuwa wameichoka, wakarudi ndani kujifunika. Hakuna aliyezikumbuka ngazi za nyuma, za saruji, zisizo na mahali pa kushika, ambazo Marcelline wa chumba cha juu peke yake ndiye aliyezitumia.

Damien, mlinzi wa getini, alitoka kibandani na blanketi mabegani, akasimama kutazama.

"Ma Tumu! Ninyi watu wa pwani, theluji munaiosha kama maiti?"

"Kwetu Tanga kila uchafu unaondoka kwa maji. Na hii nayo ni nini, kama si maji yaliyonuna?"

Damien akacheka mpaka akakohoa. "Baridi hii si ya mchezo. Juzi asubuhi ndoo yangu niliikuta ngumu kama jiwe, nikaipiga na rungu ndiyo nipate ya kunawa uso. Weye mikono haikuumi?"

"Inauma. Lakini jirani ni jirani."

Dirisha la juu likafunguka. Marcelline akachungulia. Alikuwa mama wa Bukavu anayekaribia miaka sitini, na nyonga yake mbovu ilimfanya ashuke ngazi kiupande, mguu mmoja ukiusubiri mwingine.

"Tumu, mdogo wangu, unajitesa sana. Kuya kwanza unywe chai."

"Nakuja, Da Marcelline. Kesho si lazima utoke?"

"Lazima! Leo sikuenda. Nikikosa na kesho, nafasi imekwenda."

Marcelline aliuza mandazi kwenye robot, pale taa nyekundu inaposimamisha teksi na abiria wakanunua kupitia dirishani. Wauzaji wa pale walikuwa na sheria yao: mwenye nafasi akikosa asubuhi mbili mfululizo, nafasi ni ya atakayetangulia. Ugonjwa haukuwahi kuibadilisha, wala msiba. Nafasi hiyo ndiyo iliyolipa chumba cha Marcelline na ada ya binti yake Arlène. Na ni yeye aliyemwombea Tumu kipande cha kuuzia soksi, mwisho kabisa wa safu, karibu na majalala, Tumu alipofika mjini hana amjuaye.

"Wale wauzaji wa robot?" Damien alisema. "Utakufa Jumatatu, Jumanne wametandika meza juu yako."

"Ndiyo maana nasafisha," alisema Tumu.

Akapanda. Marcelline alimpa kikombe mlangoni, chai ya maziwa yenye tangawizi nyingi, na Tumu akainywa yote akiwa amesimama.

"Hofu yangu ni lile giza la alfajiri," Marcelline alisema. "Sioni pa kukanyaga, na ndoo ya mandazi iko kichwani."

"Wewe shuka tu kama siku zote. Utazikuta zimetakata kama sinia."

"Mungu akulipe, mdogo wangu. Arlène ni mwanangu, lakini hajawahi kunifanyia hivi."

"Amin, dada. Funga mlango, baridi inaingia."

Jua lilizama nyuma ya maghorofa ya Hillbrow, na upepo ukaanza kukata masikio. Tumu akajaza ndoo tena, akaimwaga juu kabisa, mbele ya mlango uliofungwa, na kwa ufagio akayasambaza maji mpaka kila pembe. Alishuka akimwaga na kusambaza. Vipandio viwili vya chini vilibaki na theluji yake.

Kisha akavuka ua kwenda mlangoni kwake. Huko hakumwaga hata tone. Alikwangua theluji kwa koleo, akapangusa sakafu kwa gunia kavu, halafu akanyunyiza jivu pasiteleze, kiganja baada ya kiganja, kutoka kizingitini hadi getini.

"Ma Tumu!" Damien aliita kutoka kibandani. "Na vile viwili vya chini?"

"Kesho, inshallah."

Kesho, akishatandika soksi zake kwenye robot, mbali na majalala.