Viatu vya Bi Zuwena

Kwenye ngazi ya meli ya watalii, afisa wa uhamiaji alimrudishia Bi Zuwena pasi yake ya ugenini.

"Bibi, kwa pasi hii hushuki bila viza, hata kwa saa moja."

"Mwanangu, nimezaliwa mji huu huu. Dada yangu yule pale, ananisubiri."

"Namwona, Bibi. Lakini hapa umeandikwa mgeni."

Bi Zuwena aliinama taratibu, akavua viatu, akamkabidhi.

"Basi hivi vishuke. Vyenyewe haviulizwi pasi."

Afisa akateremka navyo, akampa dada mtu.

Yule bibi akavua ndara zake, akavivaa viatu vya mdogo wake, akashika njia ya nyumbani polepole.

Ndara zilibaki gatini, zimeielekea meli.