Uso wa Kwenye Kitambulisho

"Kitambulisho, mzee," muuzaji alisema, mkono ukiwa bado juu ya kreti ya bia.

Nyamai alijipapasa mvi, akacheka. "Hata mimi?"

"Hata wewe. Mwenye duka amesema ni kila mtu."

Akampa. Bia hiyo ilikuwa ya wazee wa upande wa msichana, iende pamoja na mbuzi watatu wa ntheo, wale wa kufungulia posa, kumposea mwanawe. Mwanawe, ingawa kwa miaka ishirini na mitano kijiji kizima cha Nuu kilinong'ona kwamba si wake, na yeye mwenyewe akanyamaza, akamlea.

Muuzaji alitazama kadi, akachungulia nje, akairudisha.

"Mzee, hii ni ya kijana yako. Si ni yule ameshika mbuzi hapo?"

Nyamai aliiinua kwenye mwanga. Tangu apigwe picha ile akiwa na miaka kumi na minane, hakuwahi kuitazama vizuri. Sikio la kushoto limechomoza. Kidevu kina kishimo. Nyusi zimekutana.

Akatazama nje.

Kijana aligeuka, kamba za mbuzi mkononi, sikio la kushoto limechomoza juani.

"Baba," aliuliza, "wamekataa kutuuzia?"

Nyamai alimrudishia muuzaji kadi, akasema, "Ni mimi huyu."