Kilekile, Siyo Kingine

Wewe mwenzangu, ungefanya nini kama mpangaji wako angekataa meza mpya inayonukia vanishi, akang'ang'ania ile iliyovunjika mguu?

Swali hilo ndilo lililomsumbua mama mwenye nyumba. Tangu asubuhi hakai. Akiketi, anainuka, akishika ufagio, anauegemeza ukutani kabla hajafagia, anarudi dirishani kuchungulia chumba cha uani. Fundi saa, mpangaji wake, alikuwa ameitoa meza mpya nje, akaiweka chini ya upenu na kuifunika magazeti isipate vumbi. Kwa adabu zote. Adabu hiyo ndiyo iliyomkera zaidi.

"Mama, huyo anataka meza ya dhahabu," bintiye alisema huku akimenya viazi. "Ya kwanza mviringo, kaikataa. Ya pili ina kioo juu, kaikataa. Sasa mletee yenye injini."

"Nyamaza wewe. Akihama huyu, nani ataingia tena?"

Hapo ndipo palipouma. Wapangaji wawili walikuwa wameshaondoka mwaka ule, kila mmoja akimsema mtaani kwamba kitu kikiharibika kwake, analeta kibovu zaidi. Na kweli, feni ilipokufa alileta nyingine iliyozunguka kama inayobembelezwa. Watu walicheka mpaka wakachoka. Safari hii aliapa kulisafisha jina lake.

Tena fundi saa alikuwa mpangaji wa kujivunia. Mtu mzima, mpole, hana makelele. Siku aliyokuja kukiona chumba hakuuliza habari za maji wala choo. Alipita akigusa vyombo kimoja kimoja: kitanda, kabati, kiti, vyote ambavyo mama alivikuta humo aliponunua nyumba kwa warithi wa nesi mmoja mstaafu aliyekuwa mkunga. Penye meza akasimama. Ilikuwa ndefu, nyembamba, ya mti mzito, na doa jeusi katikati.

"Hii inabaki?"

"Kila kitu kinabaki, baba."

Kwenye mkataba mama alikuwa ameandika kwa mkono wake: kitakachovunjika, mwenye nyumba ataleta kingine. Fundi saa akaomba kalamu, akalikata neno "kingine", juu yake akaandika "kilekile". Mama alicheka kimoyomoyo. Huyu kashasikia habari za feni.

Kumbe mchwa walikuwa wanakula mguu wa meza polepole. Ulipovunjika, fundi saa alikuja mwenyewe kutoa taarifa, sauti chini, kama aliyeleta habari ya mgonjwa. Kesho yake, fundi saa akiwa kazini, mama akamwita seremala aichukue ile mbovu, akaweka ya mviringo na kitambaa juu. Jioni fundi saa alisimama mlangoni, hakuingia.

"Ile iko wapi?"

"Imekwenda zake. Furahi, baba, umepata mpya!"

Hakufurahi. Ya kioo nayo haikumfurahisha. Akala na sahani mapajani, ingawa, kama alivyosema bintiye, hata enzi za meza ile alikuwa akila hivyohivyo. "Ana meza, hali chakula mezani. Halafu unaniambia ana akili zake timamu."

Na asubuhi hiyo, baada ya kuitoa ya kioo nje, kabla hajakwenda kazini, fundi saa alikuwa ametamka: "Mama, tuliandika kilekile. Kama haiwezekani, Jumamosi nitahama."

Basi mama akaachana na dirisha, akajitupia kanga begani, akaenda kwa seremala mbiombio, viatu vikimpigapiga visigino.

"Ile ndefu?" Seremala alijikuna kichwa. "Ipo nyuma. Leo nilitaka niikate, nitoe rafu."

"Usithubutu! Itie mguu. Itengeneze vizuri, mtu asije akanichekea tena. Lakini iwe ileile, unanisikia?"

"Ileile, mama. Hutaamini macho yako."

Siku zilizofuata zilikuwa ndefu. Mama alipita karakana asubuhi, akapita adhuhuri, akapita tena akijifanya anakwenda dukani. Seremala akamfukuza kwa utani: "Mama, ukija mara ya nne nitakupa msumeno!"

Ijumaa mchana mkokoteni ukaingia uani, seremala akiusukuma. Meza ilikuwa na mguu mpya, inang'aa hata bintiye akajiona usoni humo, akatengeneza kilemba. Mama akapiga simu. Fundi saa alifunga kibanda chake akaja nusu mbio, lenzi yake bado inaning'inia shingoni. Kwa mara ya kwanza tangu ahamie, walimwona meno.

Akaweka kiganja katikati ya meza. Akakipitisha taratibu. Akainama, akavaa lenzi jichoni, akaizunguka mara mbili, akachungulia mpaka chini yake. Alipoinuka, lile tabasamu lilikuwa limekwisha.

"Doa liko wapi?"

"Lile jeusi?" Seremala akajigamba. "Lilinitoa jasho, bwana! Lilikuwa limezama ndani ya mbao. Nimepiga randa siku mbili. Sasa hata ukilitafuta kwa kurunzi hulioni."

Fundi saa akakaa chini.

Mama naye subira ikamtoka. "Baba, nimeleta mpya, umekataa. Nimekurudishia ileile, umenuna. Mimi ni mtu mzima, usinichezee. Sema leo mbele ya hawa, ulikuwa unataka nini kwangu?"

Aliutazama mkono wake uliojaa harufu ya vanishi.

"Doa lile, mama," alisema. "Mama yangu alinizaa juu ya meza hii, akakata roho hapohapo. Ile ilikuwa damu yake."