Picha Safi Kutoka Osh

Kofi la kwanza lilisikika vizuri mno, hata mgeni wa wizara aliyekaa mstari wa mbele akatikisa kichwa kusifu sauti.

"Umeona? Hakuna kuchelewa hata chembe," alimnong'oneza mwenzake. "Utadhani Osh iko hapo nje."

Kofi la pili lilimwangusha mwalimu kijana aliyekuwa kwenye picha chini ya meza yake, na hapo ndipo ukumbi mzima ulipogundua kwamba lile si somo. Jamani! Chuo cha Bishkek kilikuwa kinajaribu mtambo wa kuunganisha darasa lake na darasa la Osh, kusini kabisa mwa nchi, ili wanafunzi wasome pamoja. Picha ilijaa ukuta mzima, kali ajabu. Damu ya mwalimu Adilet, kijana asiyefahamika na mtu pale ukumbini, ilionekana ikimtoka puani tone kwa tone.

Aliyempiga akageuka. Begimai, mwalimu wa fizikia aliyeongoza jaribio upande wa Bishkek, alimtambua. Alikuwa Sagynbek, mumewe.

"Yuko wapi?" Sagynbek alifoka huku akimkanyaga Adilet mbavuni. "Mmemficha wapi mke wangu, mbwa wewe?"

"Simjui, kaka! Wallahi simjui!"

Sagynbek ndiye aliyembeba Begimai mzobemzobe na kumtupa garini siku anatoka darasani, huko huko Osh. Wanawake wa kwao wakamfunga shungi jeupe kichwani, ikaitwa ndoa. Alimvunja mkono, halafu taya. Majira ya baridi yaliyopita Begimai alitoroka, akavuka milima hadi Bishkek. Alijua tu kwamba siku moja huyo mnyama angekwenda kumuulizia kwenye chuo chake cha zamani.

Sagynbek alikibamiza kiti ukutani, akabaki na mguu wa kiti mkononi. Akamshushia nao Adilet begani. Mfupa ulivunjika, na spika zikauleta mlio wote bila kupunguza. Wasichana wakapiga mayowe. Mgeni wa wizara alikuwa tayari anawapigia simu polisi wa Osh.

"Zima! Zima huo mtambo!" mkuu wa chuo alimfokea Joldosh, fundi wa mitambo.

"Usiguse!" Begimai alimrukia. "Ukizima, atamuua!"

Akashika kipaza sauti.

"Sagynbek! Tazama huku! Mwache mtoto wa watu. Unayemtaka ni mimi."

Sagynbek aliinua uso, akamwona kwenye skrini ya chumba kile. Mguu wa kiti ukabaki juu.

"Dada, nyamaza," Joldosh alimvuta mkono. "Dada, nakuomba..."

"Niache!"

Hasira zilikuwa zimempanda. Miaka yote ile alikuwa hathubutu hata kumjibu. Leo, na milima yote ile katikati yao, mdomo ulifunguka.

"Uko wapi?" Sagynbek aliuliza, polepole.

"Niko Bishkek! Chuoni, jengo kuu, ghorofa ya tatu, ukumbi mkubwa. Umesikia, au nirudie? Sijifichi tena! Mwanamume gani wewe, kuwapiga wasiokukosea? Njoo unipige mimi basi! Panda gari uje, mlango hatufungi!"

Sagynbek alimkodolea macho. Akazitazama kuta za chumba alimokuwa, moja baada ya nyingine. Kisha akatabasamu, akatoka na mguu wa kiti mkononi.

Adilet alikuwa bado anapumua. Ukumbi ulilipuka kwa vifijo. Wanafunzi walimvamia Begimai, mwalimu wao, kwa kumkumbatia, na mgeni wa wizara akasimama kumpa mkono. Begimai alicheka huku machozi yakimtiririka. Alijisikia mwepesi, hana woga hata kidogo.

"Mmeona alivyonywea?" alisema. "Kabla hajafika hata nje ya mji, polisi watakuwa wamemtia pingu."

Joldosh hakushangilia. Alikuwa amekaa sakafuni.

"Dada, laini ya Osh imekatika tangu asubuhi," alisema. "Mkuu hakutaka wageni wajue. Kile ni chumba cha hapa chini yetu."