Waliobaki Kundini

Afande hakumpigia kelele Bi Mwanahawa. Alimwambia aifungue simu yake, akailaza mezani, kisha akauliza kwa upole, "Kwenye kundi la ukoo wenu, nani kaandika kwamba kaka yako hakufa kwa presha, kafa kwa kipigo akiwa mikononi mwetu? Kundi umelifungua wewe, mama. Kila neno la humo ni lako."

"Basi ni langu," akajibu Bi Mwanahawa.

Habari za kuitwa kwake kituoni zilikuwa zimekwisha kufika nyumbani, maana simu ilianza kutetemeka. Mjomba Kiluwa ameondoka kwenye kundi. Shangazi Mwanaidi ameondoka. Akafuata binamu aliyeyaandika maneno yenyewe, yule aliyeapa makaburini kwamba hatanyamaza ng'o. Bi Mwanahawa akaitazama damu yake ikimkimbia, mmoja baada ya mwingine, hata wakasalia wawili tu: yeye na marehemu kaka yake, Shekue. Hakuwahi kupata moyo wa kumtoa kundini. Kule mochwari, ndugu walirudishiwa nguo zake tu. Simu yake haikuonekana tena.

"Wamekuacha, mama," afande akasema. "Sasa unamlinda nani?"

Bi Mwanahawa akaivuta simu. Mbele ya macho ya serikali, akaandika kundini: "Kaka, wewe usitoke."

Akatuma.

Upande wa afande, ndani ya droo iliyofungwa kwa ufunguo, kitu kikatetemeka mara mbili, kisha kikanyamaza.