Mikono ya Chausiku

Siku hizi mgonjwa wa saratani hapewi dawa peke yake. Sheria inataka pia mwanawe amkande kila asubuhi, na bangili aliyovaa mgonjwa hupeleka kiwango cha maumivu hospitalini.

Mwanahamisi alikuwa na mikono ya haraka. Akimkanda mama yake, namba haishuki chini ya nane. Chausiku, dada wa kazi, akimkanda, inashuka hadi mbili.

Leo nesi alipiga simu. "Hongera, dada Mwanahamisi! Mikono yako imeishinda dawa ya mofini."

Chausiku aliinama, akaendelea kujifuta mafuta vidoleni.

"Asante," Mwanahamisi akajibu. "Si mama yangu huyu?"

Mama aligeukia ukutani. Bangilini namba ikapanda: nne, sita, nane. Mwanahamisi akaifunika kwa kiganja ili mwenyewe asiione.