Ukuta Uliozimwa Matangani

Siku hizi neno moja tu linamtosha mwizi kuchukua sauti yako na kuitumia kama yake. Ndiyo maana kila nyumba ina ukuta wa mtandao wa kuzuia wageni, na jamaa huzungumza kupitia VPN ya ukoo tu, njia yao ya siri mtandaoni. Mama alipofariki, Baba aliuzima ukuta wetu.

"Msibani hatufungi mlango," alisema. "Waache watu watoe pole."

Pole zilimiminika kutoka kila upande kupitia spika za nyumba. Baada ya mazishi nilitaka kuuwasha tena, mjomba Shekue akanicheka.

"Mwantumu, unamwogopa nani? Mwizi wa vilio?"

Nikaona haya, nikauacha.

Matanga yalipokwisha, spika ya jikoni ikasema kwa sauti ya Mama, "Baba Mwantumu, chai yako inapoa."

Nilikimbilia swichi ya ukuta. Baba akanishika mkono, nikamnong'oneza sikioni.

"Baba, huyo si Mama. Ni mtu aliyeingia wakati wa msiba, akachukua sauti yake kwenye rekodi zetu."

"Najua, mwanangu. Lakini ukiwasha, sauti hii nitaisikia wapi tena?"

Tangu hapo nilipokuwa nyumbani nilinyamaza, nikamwonyesha Baba kwa ishara kila nilichotaka. Sikutaka kunaswa.

Leo asubuhi nilikuwa naosha vyombo, mawazo yangu yakiwa mbali.

"Mwantumu!" Mama akaita, kama alivyoniita maisha yangu yote.

"Abee, Mama," nikaitika.

 Kisha nikasikia kwenye spika sauti yangu mwenyewe ikiitika tena, taratibu, kama mtu anayejifunza: "Abee, Mama."